Taa Juu ya Maji: Itundike Kama Ujuaye Kwamba Siku Moja Itaanguka

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu siku hizi sebuleni kumeingia pambo jipya: tangi la kioo lililojaa maji, ndani yake samaki wadogo wa rangi, na juu yake taa inayowang'arisha. Sisi watu wa Pwani tumemjua samaki tangu utotoni, ila tulimjua zaidi kwa kitoweo. Wazamiaji wetu, kuanzia Shimoni hadi Kilifi, wamekuwa wakiwatoa miambani samaki wa mapambo na kuwauza kwa wasafirishaji, ili wakapambe nyumba za watu wa ng'ambo. Leo pambo hilo limeingia hata katika nyumba zetu wenyewe.

Nasi hatuna neno baya juu yake. Tangi la samaki hutuliza macho baada ya kazi ya mchana, na humfunza mtoto kwamba kuna kiumbe kinachomtegemea yeye kwa chakula. Neno letu leo ni juu ya ile taa. Maji na umeme ni majirani wasiopatana, na taa ya tangi ni umeme uliowekwa kwa makusudi juu ya maji, mahali ambapo mikono ya watoto hufika kila siku. Watu huuliza dukani taa ipi ing'aayo vizuri. Wachache huuliza itashikwa na nini, na ikiachia itakuwaje. Shabaha ya makala haya ni moja: kueleza namna ya kuitundika taa hiyo kiasi kwamba hata ikilegea, ikilowa au ikiharibika, asidhurike mtu.

Yaliyotokea Gakindu

Fikira hizi zilitujia tulipozuru Gakindu, kijisoko kilichoko Mukurwe-ini katika kaunti ya Nyeri, nchi ya miteremko ya kahawa na majani chai. Mtu asistaajabu kusikia habari za samaki milimani. Mto Gura, uteremkao kutoka safu ya Aberdare, ulitiwa samaki wa aina ya trauti waliotoka Uskoti tangu mwaka 1905. Na mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, Nyeri ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizonufaika. Basi katika nchi ambayo wazee wake wengi hawakuwa na mazoea ya kula samaki, wajukuu leo huwafuga, wengine bwawani na wengine kiooni.

Mwenyeji wetu ni mwalimu, mtu wa Pwani aliyehamishiwa huko kikazi pamoja na ahali yake. Sebuleni mwake mna tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, nalo huchukua maji yapatayo lita 180. Ndani mna samaki wa dhahabu, ambao wanavumilia baridi ya huko kuliko samaki wa nchi za joto. Nyumba ni ya mawe, imeezekwa mabati, na chini ya kenchi za mbao pamepigiliwa ubao mwembamba wa dari. Taa ya tangi, pande refu la chuma lenye uzito wa kilo 3 hivi, ilikuwa imetundikwa darini kwa nyaya mbili na misumari miwili.

Jioni moja ya Julai, baridi ikiwa kali na madirisha yamefungwa, msumari mmoja uliponyoka. Taa ikaning'inia upande, ncha yake ikazama majini, na ikaendelea kuwaka. Mtoto wa kiume wa miaka 9 alikuwa amekaa karibu na tangi akifanya kazi yake ya shule. Akainuka mbio, akanyoosha mkono ili aitoe taa na kuwaokoa samaki wake. Mama yake akapiga ukelele asiguse, akakimbilia swichi kuu iliyo kando ya mlango, akaizima nyumba yote.

"Shehe," alituambia mama huyo, "mimi sijui mambo ya umeme. Nilijua tu kwamba palipo giza hapana umeme. Nikaizima nyumba nzima kwanza, ndipo nikarudi kumtazama mtoto."

Mtoto alikuwa mzima, alhamdulillahi, amesimama gizani akilia kwa hofu. Asubuhi yake akaitwa fundi wa umeme, kijana wa hapo hapo Gakindu. Alipanda ngazi, akapapasa dari, akashuka na msumari mkononi.

"Mwalimu," akasema, "huu msumari ulishika ubao wa dari peke yake. Ubao wa dari hujibeba wenyewe. Haukuwekwa pale kubeba kitu kingine."

Kisha akafungua kisanduku cha umeme na kuonyesha jambo la pili: hapakuwa na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kwa maneno mengine, lau mkono wa mtoto ungalifika majini kabla ya mkono wa mama kufika kwenye swichi, hapakuwa na kitu chochote ndani ya nyumba ile ambacho kingalimkinga.

Katika kisa hicho tumepata maswali matatu ambayo kila mwenye tangi yampasa ayajibu kabla ya kuwasha taa. Kwanza, taa hii imebebwa na nini? Pili, tone la maji likianza safari juu ya waya, litaishia wapi? Tatu, mambo yakiharibika, ni kitu gani kitakachokata umeme bila ya kungoja mtu?

Swali la kwanza: Imebebwa na nini?

Ziko njia nne zinazotumika. Taa yaweza kukaa kwa miguu yake juu ya ukingo wa tangi. Yaweza kushikwa na nguzo iliyofungwa nyuma ya meza ya tangi. Yaweza kutoka ukutani kwa mkono wa chuma. Au yaweza kuning'inia kutoka darini.

Kwa nyumba nyingi, hasa zenye watoto, njia ya kwanza ndiyo tunayoipendekeza. Taa yenye miguu madhubuti, inayobana ukingo wa kioo pande zote mbili, haina pa kuanguka. Haihitaji kutoboa ukuta wala dari, na mpangaji akihama huondoka nayo. Sharti lake ni kwamba miguu ilingane barabara na upana wa ukingo, na taa isiwe nzito kuliko ilivyoelezwa na aliyeitengeneza. Miguu ya plastiki huchakaa, kwa hiyo ikaguliwe, na ikionyesha ufa ibadilishwe siku hiyo hiyo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na kwa taa ya tangi, huenda asipate nafasi ya kuujenga.

Anayetaka kuitundika darini na ajue kwanza dari yake ni ya namna gani. Katika nyumba za mabati kama zile za Gakindu, na hata hapa kwetu, mzigo hubebwa na kenchi na mbao zilizoko juu ya ubao wa dari. Hizo ndizo za kutafutwa. Tazama mistari ya misumari darini, kwani ubao wa dari hupigiliwa juu ya mbao hizo. Kisha gonga kwa kidole: penye uwazi hulia kama ngoma, penye mbao hulia sauti nzito. Ukiweza kupenya juu ya dari na kutazama kwa macho ni bora zaidi. Kulabu ya kuzungusha, yenye meno marefu, ikaingia ndani ya mbao, haiponyoki kama msumari ulionyooka. Msumari hushika kwa kubanwa tu, na mbao ikikauka na kulowa kwa misimu, mbano ule hulegea.

Dari ya zege hutaka bolti ya kutanuka iliyoingizwa kwa drili, tena fundi ahakikishe hapigi waya wala bomba lililozikwa ndani. Nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe zina boriti za mikandaa, na watu huvutiwa kuzifunga taa humo. Boriti nzima yaweza kabisa kubeba taa ndogo. Lakini boriti iliyoliwa na mchwa huweza kuwa nzima kwa nje na unga kwa ndani. Ichomwe kwanza kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, iachwe.

Vyovyote itakavyokuwa, yafuatwe mambo manne. La kwanza, pawe na kulabu mbili au zaidi, kila moja iweze kuibeba taa peke yake. La pili, pawe na waya wa akiba, usiovutwa na mzigo siku za kawaida, uliofungwa mahali pengine, mfupi kiasi kwamba kulabu zote zikiachia, taa itasimama hewani kabla ya kufika majini. Hilo ndilo lililokosekana Gakindu, na bei yake ni ndogo mno. La tatu, waya wa kutundikia uwe wa chuma kisichoshika kutu. Usitumie vipande vya waya wa umeme, kwa kuwa ndani yake ni shaba, na shaba ikilika na kudondoka majini ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe. Kwa sisi tulio karibu na bahari, hewa yenyewe ina chumvi, na kulabu ya chuma cha kawaida huanza kuliwa mapema. La nne, taa isitundikwe kwa kebo yake ya umeme. Kebo kazi yake ni kupitisha umeme, na uzito ukiivuta, ngozi yake hupasuka pale pale inapoingia kwenye taa.

Kisha uijaribu kabla ya kuiamini. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mizani unayo jikoni. Ikiwa taa ni kilo 3, tundika kwenye kila kulabu galoni yenye lita 10 za maji, kabla tangi halijawekwa chini yake, na uiache usiku kucha. Asubuhi tazama: je, kulabu imeinama? Je, pana unga wa mbao sakafuni, au ufa mpya darini? Kama hapana, tundika taa yako. Kama pana hata dalili moja, shukuru kwamba iliyoanguka ni galoni.

Swali la pili: Tone litakwenda wapi?

Maji ya tangi hayakai tangini. Pampu huyarusha, samaki huyaruka, mkono unaolisha hutoka nayo, na joto huyageuza mvuke. Huko milimani, usiku wa Julai, mvuke hukutana na kioo baridi ukageuka matone na kudondoka. Kwa matangi ya maji ya bahari pana jambo zaidi: chumvi hupanda. Tone hukauka, chumvi hubaki, tone jingine hupanda juu yake, na hatimaye utaona mstari mweupe umetambaa juu ya kebo hadi ndani ya taa. Chumvi hiyo ikilowa hupitisha umeme vizuri sana.

Kinga ya kwanza ni kifuniko cha kioo juu ya tangi. Huzuia marusho, hupunguza maji kupotea, na humzuia samaki arukaye. Kiachwe na nafasi ndogo nyuma ili hewa ipite. Kifutwe kila wiki, kwa kuwa kioo kichafu hula mwanga na mwenye tangi akadhani taa imechoka. Taa isilazwe juu ya kifuniko hicho, kwani taa za LED, ingawa hazichomi kama taa za zamani, hutoa joto kwa mgongo wake, na joto hilo hutaka hewa. Taa inayoning'inia huwekwa mara nyingi sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Maelezo ya aliyeitengeneza ndiyo ya kufuatwa.

Kinga ya pili ni kuchagua taa iliyoumbwa kwa ajili ya maji. Tazama mwilini mwake herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza yahusu vumbi, ya pili maji. Tarakimu ya pili ikiwa 4, taa inastahimili marusho kutoka kila upande. Ikiwa 7, inastahimili kuzama kwa muda katika maji ya kina cha mita moja. Kwa tangi lenye kifuniko, 4 ni kiwango cha chini cha kukubalika; kwa tangi lililo wazi, tafuta 7. Taa ya kawaida ya chumbani, iliyonunuliwa kwa bei nafuu na kufungwa juu ya tangi, kwa kawaida haina ulinzi huo, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

Kinga ya tatu haigharimu hata senti. Kebo inayotoka tangini kwenda kwenye soketi isinyooke moja kwa moja. Iache ishuke chini kuliko soketi, ifanye tumbo, kisha ipande kuingia kwenye soketi. Tone lolote litakaloteleza juu ya kebo litafika pale penye tumbo na kudondoka sakafuni, kwa kuwa maji hayapandi mlima. Kebo ikinyooka kutoka tangini hadi kwenye soketi iliyo chini, umelichimbia tone mfereji wa kulipeleka kwenye umeme.

Kwa sababu hiyo hiyo, soketi isiwe chini ya tangi. Iwe kando. Ekstensheni isilale sakafuni, ambako maji yaliyomwagika hukusanyika. Ifungwe ukutani au ubavuni mwa meza. Adapta, yaani kile kisanduku kidogo cheusi kinachoupunguza umeme, isiwekwe juu ya kifuniko wala kuning'inia juu ya maji. Taa nyingi za LED hutumia volti 12 au 24, na hilo ni jambo jema, kwa maana waya wake ukigusa maji hatari hupungua sana. Lakini upande wa pili wa adapta ile ile mna volti 240, na hizo hazina msamaha.

Swali la tatu: Nini kitakata umeme?

Hapa yafaa tuondoe dhana iliyoenea. Watu wengi huamini kwamba fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya pini tatu imewekwa ili kumlinda mtu. Sivyo. Fyuzi huulinda waya usiungue. Plagi nyingi dukani huja na fyuzi ya ampea 13. Umeme wa kiasi cha sehemu 30 kwa elfu za ampea moja, ukipita mwilini, waweza kuikamata misuli mtu asiweze kuachia, na ukiendelea waweza kumuua. Kiasi hicho fyuzi ya ampea 13 haikioni, kwa kuwa yenyewe hungojea zaidi ya mara 400 ya hicho. Kwa taa ya tangi weka fyuzi ya ampea 3, ambayo yatosha na kusaza na huulinda vema waya wake mwembamba. Lakini usiitegemee kwa roho ya mtoto.

Kitu cha kukitegemea ni kile fundi wa Gakindu alichokitafuta asikione: kifaa cha kukata umeme unapovuja. Mafundi hukiita kwa herufi zake RCD. Kazi yake ni kama ya karani wa hesabu: hupima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Viwili hivyo vikilingana, kila kitu ki salama. Vikitofautiana, maana yake kiasi fulani kimepita njia nyingine, huenda kupitia majini, huenda kupitia mwilini mwa mtu, basi hukata mara moja, katika sehemu ndogo ya sekunde. Kwa ulinzi wa watu chagua kilichoandikwa miliampea 30. Fundi aweza kukifunga katika kisanduku kikuu kikalinda nyumba yote, na hilo ndilo bora. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa kisanduku aweza kununua cha kuchomeka kwenye soketi, kikalinda tangi peke yake.

Kifaa hicho kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe kila mwezi. Kikikata, ni kizima. Kisipokata, kinakaa pale kama mlinzi aliyelala. Pamoja na hicho, hakikisha waya wa ardhi wa nyumba unafanya kazi kweli. Taa yenye mwili wa chuma hutaka waya wa ardhi, isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo imekingwa mara mbili. Kazi za kisandukuni zifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya umeme na mafuta nchini Kenya. Kumwomba akuonyeshe leseni si kumvunjia heshima, na fundi wa kweli huitoa akitabasamu.

Mazoea ya kila siku

Taa ikishatundikwa vema, iliyobaki ni adabu ya kuishi nayo. Kabla ya mkono kuingia majini, umeme wa tangi wote uzimwe: taa, pampu, na kipasha maji kwa wale wa nchi za baridi wanaofuga samaki wa joto. Kipasha maji cha kioo kikipasuka ndani ya maji hakionekani kirahisi, na ni hatari kama taa. Wekeni swichi moja inayozima vyote, mahali mtu mzima anapofika bila ya kunyoosha mkono juu ya tangi. Vyote vikazimwa, kisha plagi ing'olewe kwa mkono mkavu.

Taa isiwake mchana na usiku. Samaki huhitaji giza kama tunavyolihitaji sisi, na mwanga mwingi huotesha utando wa kijani vioo vyote. Saa 8 hadi 10 kwa siku zatosha. Kwa nyumba nyingi twaona yafaa iwashwe saa 5 asubuhi na kuzimwa saa 1 jioni. Asiyekuwa nyumbani mchana aisogeze mbele ili aifaidi baada ya Maghribi. Kifaa cha saa cha kuwasha na kuzima hufanya kazi hiyo bila ya kusahau. Na tangi lisiwekwe dirishani penye jua, kwani jua nalo ni taa.

Umeme ukikatika, ng'oeni plagi, kwa kuwa unaporudi mara nyingine huja kwa kishindo ukaharibu adapta. Mshumaa au koroboi visiwekwe juu ya kifuniko cha tangi hata kwa dakika moja: kioo kikipata joto upande mmoja hupasuka, na moto ukaangukia pasipotarajiwa.

Kila mtu wa nyumba, hata mdogo na hata msaidizi wa kazi, afundishwe mambo haya: taa ikianguka majini, usiguse maji, usiguse taa, usiguse meza ya tangi. Zima swichi kuu. Ndipo plagi ing'olewe, ndipo taa itolewe. Taa iliyozama isiwashwe tena mpaka fundi aifungue na kuikagua, hata kama imekauka jua kali siku tatu. Na mtu akishikwa na umeme, asishikwe kwa mkono, maana atakayemshika atashikwa naye. Umeme ukatwe kwanza. Ikiwa haiwezekani kabisa kufika kwenye swichi, asukumwe kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mpini mkavu wa ufagio wa mbao, anayesukuma akiwa amesimama juu ya kitu kikavu. Kisha apelekwe hospitali ijapokuwa anasema hana neno, kwa sababu umeme huweza kuugusa moyo na athari yake ikaonekana baadaye.

Mfundisheni mtoto sababu pia. Mwambieni kwamba samaki watavumilia giza usiku mzima bila ya dhara, na kwamba hakuna samaki aliye na thamani ya kidole chake. Yule mtoto wa Gakindu hakukimbilia taa kwa utundu. Alikimbia kwa huruma, na huruma isiyo na ujuzi ndiyo inayowaponza watoto wema kuliko watukutu.

Kazi ya juma hili

Yote tuliyoyataja, ukiondoa kifaa cha kukata umeme, hayazidi gharama ya samaki wachache na kioo cha kifuniko. Kulabu mbili za meno, mita mbili za waya wa chuma kisichoshika kutu, fyuzi ya ampea 3, na kebo iliyolegezwa ikafanya tumbo. Kifaa chenyewe kina bei yake, lakini hununuliwa mara moja na hulinda pia jiko, pasi na mashine ya kufulia. Anayesema fedha hana, na angoje kununua tangi mpaka apate fedha za vyote viwili. Tahadhari ni kabla ya hatari. Baada yake hubaki majuto.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye na tangi, kabla ya toleo lijalo kukufikia tunakuomba ufanye mambo matatu. Panda ngazi, umeme ukiwa umezimwa, uishike taa yako kwa mkono na kuivuta kidogo, ujue imeshikwa na mbao au na ubao wa dari. Ifuate kebo kwa kidole tangu tangini hadi kwenye soketi, uone pale penye tumbo ni wapi. Kisha fungua kisanduku cha umeme, ukitafute kile kitufe cha kujaribia, ukibonyeze. Nyumba ikiingia giza, washa tena na ulale kwa amani. Nyumba isipoingia giza, ng'oa plagi ya taa ya tangi usiku huo huo, na asubuhi mwite fundi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na walio ndani yake.